Ninavyopanga miadi ya kikazi kati ya Dar es Salaam, Maskati na Kigali

Kinachokera zaidi katika kuomba miadi ni ujumbe wa "naomba tuonane wiki ijayo". Anayeupokea hajui ni jambo gani, litachukua muda gani, wala ajiandae vipi. Kwa hiyo ujumbe wangu wa kwanza hubeba kila kitu: shauri lenyewe, dakika zinazohitajika, nani watakuwepo, na nafasi mbili za kuchagua. Moja ni amri, na nne au tano humpa mwenzako kazi ya kupanga ambayo ni yako.

Mfano: "Assalaam aleikum. Naomba miadi ya dakika 30 kuhusu masharti ya malipo ya shehena ya ufuta. Napendekeza Jumanne 14 Julai au Jumatano 15 Julai 2026, saa 4:00 asubuhi ya Dar es Salaam (10:00), ambayo ni 11:00 ya Maskati. Kama zote hazikufai, tafadhali nipe siku iliyo nyepesi kwako."

Hizo tarakimu kwenye mabano si mapambo. Ukiandika "saa 10" bila neno la mbele, mmoja atafika asubuhi na mwingine alasiri. Kwenye mwaliko wa kalenda nachagua jiji, siachi simu ikisie. Maskati iko saa moja mbele ya Dar es Salaam. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko saa moja nyuma. Kinshasa, saa mbili nyuma. London ndiyo yenye vituko: majira ya baridi iko saa tatu nyuma yetu, ya joto saa mbili, na hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha kila wiki kilichopangwa Februari lazima kikaguliwe upya kabla ya Aprili.

Siku nazo zina adabu yake. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi Jumamosi na Jumapili, hivyo siku za pamoja ni Jumatatu hadi Alhamisi. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, na ofisi za serikali kuu huko hufanya kazi nusu siku Ijumaa. Usidhani Ghuba nzima ina ratiba moja. Hata hapa kwetu, Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana siweki kitu. Mwezi wa Ramadhani naweka asubuhi, na sitaji chakula cha mchana hata kama naamini mgeni hafungi.

Kwa ofisi ya serikali Tanzania, ujumbe wa simu hautoshi. Barua huelekezwa kwa cheo, yaani Katibu Mkuu au Mkurugenzi, yenye "YAH: KUOMBA MIADI" na ajenda katika aya moja. Saa za kazi ni 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, kwa hiyo kuomba saa kumi ni kumwambia mtu abaki kwa ajili yako. Kisha mpigie katibu muhtasi kuuliza kama barua imefika. Muulize yeye, usimruke kwenda kwa bosi wake. Daftari la miadi liko mezani kwake, na ukimdharau nafasi itachelewa kupatikana.

Siku moja kabla, mchana, natuma uthibitisho wa mistari miwili: mahali au kiungo, na saa. Usiku wa manane si wakati wake.

Ukilazimika kuahirisha, anayeahirisha ndiye anayeleta tarehe mpya, mbili, katika ujumbe ule ule wa kuomba radhi. Sababu fupi inatosha. Maelezo marefu huonekana kama kisingizio. Halafu futa mwaliko wa zamani kwenye kalenda, la sivyo utaendelea kulia kwenye simu ya mwenzako na atafungua kiungo akakaa peke yake.