Frii ya Sachangwan

Wasee wa barabara, nimemaliza ile kozi ya madereva wa trela hapa Nakuru na kuna kitu hakinitoki kichwani, hii hesabu ya frii. Wote tunajua ukitoka Mau Summit ukishuka Sachangwan kuja Salgaa madere wengi wanaweka frii, yaani wanatoa gia, trela linateleza lenyewe, eti wanasevu dizeli wauze kando. Sasa mwalimu akatuonyesha kwa dashibodi: injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia na umetoa mguu kwa mafuta, inakata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanaizungusha. Weka frii uone, inaanza kuchoma dizeli! Kidogo, lakini inachoma. Na huko nyuma breki zimebeba mzigo wote peke yake mpaka zinatoa moshi, ukikanyaga unakuta hakuna kitu.

Darasa lilinyamaza. Mzee mmoja wa miaka mingi ya Malaba alitingisha kichwa tu akasema shuka na gia uliyopandia, basi, hiyo wazee walituambia kitambo.

Mshahara haujapanda, tusidanganyane. Lakini bosi anagawa pesa ya dizeli inayobaki, ya juzi imeenda kwa karo ya kifungua mimba na bado nikabaki na ya unga. Wenye magari wengine mnaobana hadi hiyo, mnategemea dere asiibe aje?

Tanboi wangu, yule msaidizi wa trela, ameshaanza kuniuliza darasa lingine ni lini, nimemwambia atafute leseni kwanza 😂