2147483647, namba iliyonikosesha usingizi

Jana kihesabio kwenye programu yangu kilipanda vizuri hadi 2147483647, nikaongeza moja, kikaruka hadi -2147483648, maana nafasi niliyokitengea haibebi namba kubwa zaidi ya hiyo, basi kinaanza upya upande wa hasi. Kosa la kizembe, nakiri, nimelirekebisha kwa dakika mbili. Ila namba yenyewe ikanikaa kichwani.

Kumbe ni namba tasa! Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ukiiandika kwa mfumo wa sifuri na moja, ni moja 31 zimejipanga, hakuna sifuri hata moja. Na aliyethibitisha utasa wake ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Hebu fikiria.

Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushee, kwa hiyo ungedhani lazima ujaribu kuigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya hapo. Euler alikwepa mzigo huo: kigawanyo chochote kitakachokuwa tasa lazima, ukikigawa kwa 248, kibakize 1 au 63. Basi. Nyingine zote unazitupa bila hata kuzigusa.

Nikachukua karatasi. Ya kwanza kujaribu ni 311: inaingia mara 6905092, baki 35. Inayofuata ni moja kwa moja 1303 (katikati hapo hakuna hata moja inayofaa!), baki 226. Halafu 1489... hapo nikaiachia kompyuta, maana saa nane usiku ilishapita na mimi si Euler.