Shibiri Moja ya Waya

Julai 2018 nilikuwa mwanafunzi wa kiangazi CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, na zamu yangu ya kwanza ya usiku niliifanya katika ukumbi wa majaribio wa Prévessin, upande wa Ufaransa, ambako chembe zitokanazo na SPS, mashine ya kuziongezea chembe kasi, hufika kwa mikupuo. Tulikuwa tumepanga vigunduzi viwili, yaani vipande vya silikoni vinavyotoa ishara ya umeme chembe inapovipita, kila kimoja unene wa maikromita 50 tu, kimoja nyuma ya kingine, ili chembe ileile ivipite vyote nasi tusome tofauti ya wakati kati yake.

LHC, mashine kubwa ya CERN inayogonganisha chembe, itakapoboreshwa, migongano hadi 200 itatokea kwa mkupuo mmoja, ikiwa imesongamana ndani ya sentimita chache. Kuitenganisha kwa mahali peke yake ni shida, lakini haitokei sawia kabisa, na hapo ndipo kigunduzi chenye usahihi wa pikosekunde 30 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde) kinapohitajika. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri milimita 9 tu.

Saa nane usiku kilele cha grafu ya tofauti zetu za wakati kilihama. Tofauti iliyokuwa karibu na sifuri tangu jioni sasa ilikuwa nanosekunde nzima, yaani pikosekunde 1,000, ingawa upana wa kilele, unaoonyesha usahihi wa vipimo, ulibaki vilevile. Nilianza kukagua programu na volteji. Kiongozi wetu wa zamu, mama mmoja mpole, aliniuliza tu nimegusa nini, nami nikakumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo nilibadilisha waya wa kigunduzi kimoja uliokuwa umelegea plagi, nikachukua mwingine ukutani bila kuupima.

Tuliulaza ule wa zamani mezani, tukanyoosha mpya kando yake. Mpya ulizidi kwa shibiri yangu moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, karibu sentimita 20. Ishara ya umeme hutumia takribani nanosekunde 5 kwa kila mita ya waya wa aina ile, kwa hiyo nanosekunde yetu iliyopotea ilikuwa imelala pale mezani, ningeweza kuifunika kwa kiganja.

Hakuniruhusu kurudisha wa zamani. Aliandika urefu kwenye utepe mweupe, akaufunga kwenye waya mpya, kisha akaniachia kalamu niandike kwenye daftari la zamu saa kamili ya badiliko. Alfajiri upana wa kilele ulisomeka pikosekunde 45, ambao, kwa kuwa vigunduzi ni viwili, ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2 hukipa kila kigunduzi takribani 32.