Mwongozo Uendane na Toleo Alilonalo Msomaji

Hapa Mombasa, vijana wengi hujifunza kuunda programu kwa tarakilishi za maabara za vyuo, na toleo lililosakinishwa humo ndilo watakalolitumia muhula mzima, hata kama waundaji wake wamekwisha kutoa jingine. Mwanafunzi akifuata mwongozo wa toleo asilokuwa nalo, amri aliyoinakili herufi kwa herufi hukataa, naye hujilaumu bure. Mimi lawama hiyo naipeleka kwa walioandaa mwongozo.

Tuitazame Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa lugha ya Python. Kwa miaka mingi anwani za kurasa zilipangwa kwa kitendakazi (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake ili kifanye kazi fulani) kiitwacho url. Desemba 2017 toleo la 2.0 likaleta path, na Desemba 2021 toleo la 4.0 likakiondoa kile cha kwanza. Maelezo ya toleo la 1.11, lililotangulia 2.0, ni sahihi kwa mwenye 1.11, lakini humpoteza mwenye 4.0. Ndiyo maana mradi huo huupa mwongozo wa kila toleo anwani yake, na hutaja ndani ya ukurasa kipengele fulani kilianza katika toleo lipi.

Miradi midogo mara nyingi humfungulia mgeni mwongozo wa tawi kuu, yaani kazi ambayo bado inaendelea. Naona hilo si haki: anayefika bila kuchagua apewe toleo thabiti la karibuni, na anayetaka la majaribio alitafute mwenyewe.

Njia ninayoiamini ni kuweka mwongozo na msimbo katika hazina moja ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ili kitendakazi kinapobadilika maelezo yake yabadilike papo hapo, na siku ya kutoa toleo lebo moja, yaani alama ya toleo hilo, ivifunge vyote viwili. Kazi inayosahaulika ni ya baadaye, kwani kosa la maelezo likisharekebishwa kwenye tawi kuu, sharti marekebisho hayo yapelekwe pia kwenye tawi la toleo thabiti, la sivyo wasomaji walio wengi hawatayaona.

Kurasa za zamani zisifutwe. Mradi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, huhudumia kila toleo kuu kwa miaka 5, na ukurasa wa mwongozo wake humwonyesha msomaji kiungo cha ukurasa uo huo katika matoleo mengine. Na kwa wanaopakua mwongozo ili wausome bila intaneti, ambao kwetu si wachache, namba ya toleo iandikwe juu ya kila ukurasa, isiishie kwenye jalada.