Mniambie hata habari za kitasa

Usiku huu sina lindo lakini usingizi umegoma kabisa. Wenzangu wamelala na buti miguuni, mmoja anaongea usingizini anamwita mtu ambaye simjui. Tumerudishwa nyuma kidogo tupumzike, na watu wengi wanadhani huu ndio wakati mzuri kwa askari. Kwa mwili sawa, kwa moyo hapana. Kule mbele mizinga ikianza hakuna anayekumbuka nyumbani, akili yote imehamia masikioni, nani yuko kulia kwako, maji yamebaki kiasi gani, shimo la karibu liko wapi. Ukirudishwa nyuma, ukavua helmeti, ukapata ndoo ya maji ukaoga, hapo ndipo wanapokuja wote kwa mpigo, mke, watoto, mama, hata marehemu baba.

Leo tumegawiwa simu. Tukienda mbele huwa zinakusanywa zote kwa sababu simu ikiwaka tu adui anaweza kujua mko wapi na kombora likafuata, kwa hiyo hakuna anayebishana na hilo, tumeshaona matokeo yake. Nilipowasha zikamiminika meseji na voisi noti ya mke wangu. Anaongea kama kawaida yake, haraka haraka huku mikono iko kazini, nasikia vyombo vinagongana, anasema shule zimefunga, mama hajambo ile miguu imepungua kuvimba, halafu katikati hapo akapitisha kwamba kitasa cha mlango wa mbele kilikorofisha wakaita fundi akaweka kipya, na funguo yangu mpya ameitundika kwenye msumari wa siku zote. Nyuma yake mdogo anauliza "unaongea na nani?" akajibiwa "na baba", kimya kidogo, halafu nikamsikia "mwambie aje basi" na hapohapo miguu inakimbia kwenda kucheza.

Nimeirudia hiyo voisi mpaka chaji ikakaribia kuisha.

Sasa, mimi funguo ya nyumbani natembea nayo. Inakaa mfuko wa kushoto wa kombati, wa kifuani, ule wenye kifungo, na nikilala naigusa kwanza. Imeingia matope mara nyingi, nachukua kijiti nasafisha jino moja moja halafu naifuta na kile kitambaa cha bunduki. Hakuna kitu kingine nilicho nacho huku kinachotoka kwenye nyumba ile isipokuwa hiyo, picha zote ziko kwenye simu na simu haikai na mimi. Na kumbe haifungui tena kitu. Hakuna kosa la mtu hapo, kitasa kikifa lazima kibadilishwe, humo ndani wanalala watoto wangu. Lakini niliposikia nilikaa chini, miguu ilikataa.

Nimejaribu kutafuta ni nini hasa kinauma. Nadhani ni kwamba nyumba imejifunza kwenda bila mimi, na ndivyo inavyotakiwa iwe, namshukuru Mungu kwa mwanamke yule, anajua kumsimamia fundi, anajua kwenda shuleni kuongea na mwalimu, anamlea na mama yangu juu. Nafurahi kabisa kutoka moyoni na hapohapo naumia, vyote viwili vimekaa mahali pamoja na hakuna kinachompisha mwenzake.

Na kuna ya kufichana. Mtoto wetu wa pili alilazwa kwa homa, mimi nikaja kuambiwa ameshapona na yuko nyumbani anachora ukutani. Yeye ananificha nisije nikachanganyikiwa na silaha iko mkononi. Mimi namficha asikose usingizi, simwambii tulimbeba nani, simwambii kwa nini yule rafiki yangu aliyekuwa anamsalimia kwenye simu hasikiki tena. Meseji zangu zinafanana zote, niko salama, nimekula, wabusu watoto. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na ni upendo mtupu, ila umbali unazidi.

Daktari wa kikosi anapenda kusoma historia, jioni tulikaa naye akatuambia kwenye vita vya 1914 hadi 1918 askari wa Uingereza walikuwa wanapewa kadi ya posta yenye sentensi zimeshachapishwa. Kazi yako ni kukata zisizokuhusu na kuacha inayokuhusu, mimi ni mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako, sijapata barua yako muda mrefu. Unaweka tarehe na saini yako basi, ukiongeza neno lako lolote kadi inaharibiwa. Wenzangu wakashangaa, mimi nikakaa kimya maana niliziona meseji zangu pale pale. Kwetu hakuna aliyetuchapishia hizo sentensi, tumezichapa wenyewe.

Akasema pia huku kutamani nyumbani kuna wakati kulihesabiwa kuwa ugonjwa kamili. Mwaka 1688 huko Basel, Uswisi, kijana aliyekuwa anasomea udaktari anaitwa Johannes Hofer aliandika tasnifu yake juu ya watu wanaodhoofika kwa kuwa mbali na kwao, na dawa aliyoiamini kuliko zote ni kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi waliuandika ugonjwa huo kwenye rekodi zao na wapo askari walioandikwa kwamba ndio uliowaua. Sajini wetu, mtu mgumu yule, hacheki na mtu, alinyanyuka akaenda kusimama nje peke yake muda mrefu. Mtu kama huyo akinyanyuka hivyo unajua siyo wewe tu, na kwangu hiyo ilisaidia kuliko maneno ya kupeana moyo tunayoambiwa kwenye paredi, uwe jasiri, usifikirie nyumbani. Mimi siwezi kutofikiria nyumbani. Ndiyo sababu nasimama lindo vizuri.

Ninachotaka mimi siyo habari kubwa. Nataka kuambiwa nani amegombana na nani, meno ya mdogo yaliyong'oka, mama amelalamika nini leo, na mtoto akilazwa niambiwe siku hiyohiyo hata kama siwezi kufanya kitu, niwe na hofu pamoja nao kuliko kuwa na amani peke yangu. Na mimi nitaanza kumwambia baadhi ya mambo, siyo yote, mengine hayasemeki kwenye simu, lakini habari za yule rafiki yangu anastahili kuzijua, alikuwa akimuombea.

Kesho asubuhi kabla simu hazijakusanywa nitampigia mtandao ukikubali. Nitamuuliza fundi alichukua muda gani, kitasa kipya kinazunguka upande gani, na mlango wenyewe kama bado unakwaruza sakafu, maana ulivimba kwenye mvua zile na nilisema nikirudi nitauranda. Kama bado unakwaruza wasimuite mtu. Nitakuja kuuranda mimi.