Kumi na mbili, mkato, tano

Kiroba kimefika jana jioni kutoka Kigoma, kimefungwa kwa kamba ya katani, na harufu ya dagaa imeingia ndani kabla yake. Ubavuni mtu ameandika kwa kalamu nene: Kg 12,5. Mkato, si nukta. Mke wangu akaanza kutafuta ungo. Mimi nikabaki nimechuchumaa mlangoni, nikiutazama ule mkato kama mtu aliyekutana njiani na mdai wake.

Niliwahi kuandika programu ya kurekodi kilo za dagaa kutoka kwenye mizani, nimeshaisema mara nyingi mno. Simu tatu kwa meza tatu, na laptopu moja ya Mama mwenye banda, kwenye lile banda lake la mabati mekundu, Kibirizi, mwalo wa Kigoma. Mwaka 2016. Karani anapima dagaa wakavu, anaingiza kilo kwenye simu. Jioni simu zinachomekwa kwa waya, kila moja inatoa faili la maandishi, laptopu inalisoma mstari kwa mstari na kuziweka kilo kwenye hifadhidata. Upande wa simu niliuandika kwa Java, upande wa laptopu kwa C#, hifadhi ni SQLite. Haikuhitaji intaneti hata kidogo, na hilo lilinipa kiburi ambacho sasa nakionea aibu.

Hesabu zilifungwa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukishajaa taa haziwavuti tena, mitumbwi inapumzika, na watu wa nchi kavu wanakaa kulipana. Basi tukakaa. Laptopu ikasema giza lile, yaani siku za uvuvi zisizo na mbalamwezi, tumepokea kilo 5,290. Viroba vya stoo, ukijumlisha na vile vilivyokwisha kupanda treni, vilikuwa kilo 1,420.

(Huo mkato wa elfu ndani ya 5,290 ushikeni. Tutauhitaji.)

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, hizi nyingine zimelala wapi?"

Nikaigawa ripoti kwa meza. Meza ya kwanza na ya pili kwa pamoja zilikuwa na 990. Meza ya tatu peke yake ilikuwa na 4,300. Ukitoa 990 kwenye 1,420 unabaki na 430. Yaani meza ya tatu ilizidi mara kumi kamili, bila kilo moja pembeni. Meza ya tatu alikaa kijana wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, anayetumia simu yake mwenyewe kwa sababu simu ya meza ile ilikuwa imeingia maji. Programu nilimwekea mimi kwa mkono wangu.

Nikafungua mistari yake mmoja mmoja. 125. 75. 200. 65. Kiroba cha kilo 125 hakuna mama anayekileta kichwani, kwa hiyo nikatoa hukumu palepale: habonyezi nukta. Anapima kumi na mbili na nusu, anaandika 125. Ila ile 200 ilikuwa inanikonyeza. Kiroba cha kilo ishirini kamili hakina nukta ya kusahau. Ili ipatikane 200 lazima mtu aongeze sifuri kwa makusudi. Badala ya kuona kwamba nadharia yangu imetoboka, nikaiziba tundu: basi huyu ni fundi, penye nusu anaruka nukta, penye kamili anaongeza sifuri. Ushahidi ulionipinga nikaugeuza kuwa kosa la pili la mshtakiwa.

Mama akaniuliza kama mashine inaweza kukosea. Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, "Mama, kompyuta haiongezi sifuri yenyewe." Malipo ya kijana yakazuiwa.

Nilifanya uchunguzi, kwa namna yangu. Niliingiza 12.5 kwenye simu yangu, nikahamisha, laptopu ikasoma 12.5. Nikarudia mara kumi, jibu likawa lile lile. Niliichomeka simu ya kijana nikasoma logcat, kumbukumbu ya matukio ya simu, kuanzia mwanzo wa programu hadi faili kuandikwa: hakuna neno Exception, tangazo la hitilafu, hata moja. Nilitaka kuliona faili lenyewe, halikuwapo. Msimbo wangu wa laptopu ulikuwa ukimaliza kusoma unaita File.Delete, amri ya kufuta faili, eti kusafisha. Nilikuwa nimejiandikia programu inayoteketeza ushahidi kila jioni saa kumi na mbili. Na katika uchunguzi wote huo sikufanya jambo dogo ambalo lingemaliza kazi: kuingiza 12.5 kwenye simu yake, si yangu.

Siku ya pili ya mbalamwezi kijana alikuja bandani bila kuitwa. Laptopu ilikuwa na chaji asilimia 18, umeme hakuna, jua limepenya kwenye matundu ya mabati na kuchora madoa ya mwanga juu ya viroba. Hakukaa. Alitoa simu mfukoni, akaipangusa kwenye suruali, akafungua orodha ya mizigo yake na kuninyooshea.

"Kaka, soma mwenyewe."

Nikamwambia asome yeye. Nilitaka Mama amsikie akijikanyaga.

Akaweka kidole kwenye mstari wa juu. Ukucha wake ulikuwa umeng'aa fedha, kama kucha za watu wote wanaoshika dagaa. Akasoma pole pole, kama anayemsomea mtoto: "Kumi na mbili, virgule, tano." Akashusha kidole. "Saba, virgule, tano." Akashusha tena. "Makumi mbili, virgule, zero."

Mama akageuka kunitazama mimi, si yeye.

Nikaichukua simu. Kioo chake kilikuwa na ufa uliotoka kona ya juu hadi katikati, na kati ya 12 na 5 palikuwa na kitu cheusi kidogo chenye mkia. Nikadhani ni gamba la dagaa. Nikalifuta kwa kidole gumba. Halikutoka. Nikalifuta tena kwa shati. Likabaki pale pale, limening'inia chini kidogo ya mstari, na kila mzigo katika orodha ulikuwa na la kwake. Juu ya orodha, saa ya simu. Nikavuta ile pazia ya juu, na maneno yote yaliyoshuka yalikuwa ya Kifaransa. Nilikuwa nimeyaona siku ile ninamwekea programu. Niliyaona yakanichekesha, nikabonyeza kwa kukumbuka mahali kitufe kilipo, nikaenda zangu.

Zilipita labda dakika mbili hakuna aliyesema. Kichwani nilikuwa nimeshafika kwenye mstari wenyewe wa msimbo. Nilijua hadi uko kwenye faili lipi.

Mstari ulikuwa huu: String.format("%.1f", kilo). Java isipoambiwa ni lugha ya wapi, hufuata lugha ya simu. Kwenye simu ya Kiingereza, kumi na mbili na nusu huandikwa 12.5; kwenye ya Kifaransa, 12,5. Kijana aliandika kwa nukta kama wenzake, maana kisanduku cha namba nilichokiwekea numberDecimal, kwa Android za wakati ule, hakikukubali mkato hata simu iwe ya Kifaransa. Ni programu yangu iliyogeuza nukta kuwa mkato ilipomwonyesha orodha na ilipoandika faili. Na kwa macho yake mkato ndio uliokuwa sahihi, ndivyo alivyofundishwa shule. Angelalamikia nini?

Huko ni nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwenye laptopu. Windows ya Mama ilikuwa ya Kiingereza cha Marekani, na kwa Kiingereza mkato ndani ya namba ni wa elfu, kama ule wa 5,290. Mtu angetegemea double.Parse, amri ya C# inayogeuza maandishi kuwa namba, iukatae mkato unaofuatwa na tarakimu moja tu, kwani elfu gani hiyo? Haiukatai. Ikiachwa hivi hivi, huruhusu mikato ya makundi na wala haihesabu kama zinafuata tarakimu tatu. Huitupa tu. 12,5 ikawa 125. 20,0 ikawa 200. Ukiipa hata 1,2,5 inakujibu 125 bila haya. Ndiyo maana logcat ilikuwa kimya: hakuna kilichoanguka popote. Na uchungu wenyewe uko hapa: kama laptopu ingekuwa ya Kifaransa, faili la kijana lingesomwa vizuri, na zile meza mbili zenye nukta ndizo zingepiga FormatException tangu jioni ya kwanza. Au kama ningesoma kwa Java, amri yake ya kazi hiyo hiyo, Double.parseDouble, haijali lugha ya mtu, ingeugomea mkato papo hapo kwa NumberFormatException. Tuliangukia ule mchanganyiko mmoja unaokosea kimya kimya.

Android Studio, programu niliyoandikia msimbo wa simu, ilikuwa imenionya, tena. Mstari ule ulikuwa na rangi ya njano tangu nilipouandika, ukisema kutumia lugha ya simu bila kuitaja ni chanzo cha kawaida cha hitilafu. Ulikuwa mmoja kati ya maonyo kama arobaini ya njano, mengi yakiwa ya upuuzi, nami nilizoea kuyapita yote.

Marekebisho yalikula muda mfupi kuliko chai. Kwenye simu, kile kinachosomwa na mashine kikapewa Locale.US, yaani kiandikwe kwa kanuni za Marekani: String.format(Locale.US, "%.1f", kilo). Kinachosomwa na mtu kwenye skrini nilikiacha kifuate lugha yake, ni haki yake. Kwenye laptopu nikaweka double.Parse yenye NumberStyles.AllowDecimalPoint na CultureInfo.InvariantCulture, ili mkato ukitokea tena programu ipige kelele badala ya kuumeza. File.Delete nikaifuta, faili likishasomwa linahamishwa kwenye folda nyingine na kupewa tarehe. Baadaye niliachana na desimali kabisa, uzito unasafiri kwa gramu nzima, 12500, hauna nukta wala mkato wa kugombewa. Hapo pia pana shimo: usiiandike gramu kwa "%d", alama ya namba nzima, ya String.format, kwa maana simu ya Kiarabu inaweza kukutolea tarakimu za Kiarabu. Tumia Long.toString.

Wengine hunishauri nimwambie tu kila mtu aweke simu yake Kiswahili. Si kinga. Simu ikiwekwa Kiswahili cha Tanzania huandika nukta. Ikiwekwa Kiswahili cha Kongo huandika mkato. Lugha moja, ziwa moja. Kinachosaidia ni kuibadili lugha ya simu yako iwe Kifaransa kabla hujampa mtu programu, ucheze nayo dakika tano, ndipo uirudishe. Ukariri kitufe cha lugha kiko wapi, maana kurudi ni kugumu kuliko kwenda.

Zikabaki kilo zilizoharibika. Nikafunga programu, nikanakili faili la hifadhidata pembeni, nikaandika BEGIN, ili mabadiliko yaweze kurudishwa, kisha UPDATE ya kugawanya kilo za meza ya tatu kwa 10. Kabla ya COMMIT, amri ya kuyathibitisha, nikachungulia. Penye 125 palikuwa na 12. Nusu zote zimeyeyuka! Safu ya kilo niliitangaza NUMERIC, na SQLite ikiona 125.0 haina kitu baada ya nukta huihifadhi kama namba nzima, na namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima mabaki hutupwa. ROLLBACK, kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Mara ya pili nikagawanya kwa 10.0. Jumla ikaja 1,420. Chaji ilikuwa asilimia 6.

Kijana alikuwa bado amesimama. Mama alimhesabia pesa yake yote mkononi, noti kwa noti, akamwongezea kidogo juu. Mimi nilimweleza, kwa urefu mno, habari za lugha za simu na namna mashine zinavyosoma namba. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Sawa, kaka." Nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa lile neno moja, nalo nililipata baadaye, nikiwa kwenye bodaboda kurudi Gungu.

Giza lililofuata alirudi mezani, lakini na daftari. Kila mzigo aliuingiza kwenye simu na kuuandika kwa kalamu, na mama aliyeuza akaweka alama yake pembeni. Nilimwambia si lazima tena, programu imepona. Akasema anajua. Kwenye daftari alikuwa ameacha mkato wa kwao, anaweka nukta, nene na ya mviringo kama ushanga, hata ukiwa mbali unaiona. Sikujua kama ni kunisaidia au ni kunisema.

Giza mbili mbele alivuka kurudi kwao, nami mwaka uliofuata nikahama.

Sasa hiki kiroba. Mwandiko sijui ni wa nani, na bandani kwa Mama siku hizi wapo vijana wengi wa ng'ambo. Asubuhi nilikibeba hadi kwa jirani mwenye mzani wa mahindi. Kumi na mbili na robo. Dagaa wakizidi kukauka njiani hupungua. Nimeishika simu mara mbili nimpigie Mama nimuulize, nikairudisha mezani mara mbili.