Mchwa na miembe yangu: vyungu vimefanya kazi, mkomamanga bado

Miembe inapumua. Hiki ndicho kiangazi cha kwanza hapa Dodoma ambacho miche yangu ya kubebesha imefika Oktoba bila kukauka ghafla, na sababu si dawa.

Mliopambana na mchwa dalili mnazijua, lakini acheni nieleze hili la shingo ya mche maana ndilo lililoninyima usingizi. Mchwa wa kwangu hawagusi majani wala hawapandi matawini. Wanapaka udongo kwenye shina, kuanzia usawa wa ardhi kwenda juu kama kiganja hivi, kisha chini ya ule udongo wanakula gome taratibu, mzunguko mzima. Kwa juu huoni kitu, majani ni ya kijani kabisa. Asubuhi moja yananywea yote kwa pamoja, ukishika shina linachezacheza, ukikwangua udongo unakuta kijiti cheupe kilichomenywa. Bandu bandu huisha gogo, wanasema, ila hawa hawana haja ya kulimaliza gogo. Gome likishaliwa duara, chakula cha majani hakishuki tena mizizini, na mche uliounyeshea tangu Mei ni kuni.

Ushauri wa kwanza utakaopewa ni kichuguu: chimba, mtoe malkia, kazi imekwisha. Nimechimba. Sululu ndiyo ya kazi hiyo, chepe linagonga na kurudi tu. Malkia nilimpata, mnene kuliko kidole gumba, amefungiwa chumbani mwake. Mashambulizi hayakupungua hata chembe! Wenye kichuguu kile ni Macrotermes, wale ambao askari wao wanang'ata mpaka damu. Wanaomenya miembe ni wadogo zaidi, na viota vyao viko ardhini bila kichuguu cha kuonekana. Odontotermes na Microtermes wengi wanaishi hivyo. Utachimba wapi?

Upande wa dawa, ile niliyouziwa kwanza duka la pembejeo ilikuwa sipamethrini. Hiyo inafukuza tu. Mchwa akiihisi anazunguka, anatokea penye mwanya. Fipronili na imidaklopridi ni habari nyingine, maana mchwa hazitambui, anatembea juu yake na kwenda kuwaambukiza wenzake kiotani. Zinaua, sibishi. Zinaua na nyuki vilevile, na jirani yangu ana mizinga ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo kwangu haziingii. Wazee bado wananiulizia dieldrini. Hiyo imo katika Mkataba wa Stockholm wa 2001 pamoja na sumu nyingine zinazokaa ardhini miaka na miaka, tuachane nayo. Halafu kuna watu wanakuja kupambana na mchwa na bomba la mgongoni. Bomba la nini? Mchwa yuko chini. Kama ni lazima umwage dawa, chukua keni, umwagie udongo wa kuzunguka shina. Majivu nayo ni mazuri mpaka siku utakapomwagilia.

Sasa hoja yangu. Hawa wadudu chakula chao hasa ni vitu vikavu: mabua, majani, samadi, miti iliyokufa. Wanavipeleka kiotani kulisha ukungu wanaoulima humo, na ukungu huo ndio unaowalainishia chakula (uyoga mkubwa unaoota vichuguuni mvua zikianza unatokana nao). Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikifika Agosti ng'ombe na mbuzi wamemaliza mabua yote, na kitu pekee chenye unyevu katika eneo zima ni shina la mwembe unaomwagiliwa. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa "safisha shamba, usiache hata bua". Ukisafisha kila kitu, umebakiza mwembe mezani.

Nikaanza kuwawekea chakula mbali na miti. Marundo ya mabua kwanza, ila hapo huwezi kujua nani kaja na nani hakuja. Ndipo nikakumbuka mbinu ya wafugaji wa kuku wa Burkina Faso na Benin: unajaza chungu mabua yaliyokatwakatwa na samadi kavu, unanyeshea, unakipindua juu ya njia ya mchwa na kukifunika gunia kuzuia jua. Chungu cha udongo, tafadhali. Ndoo ya plastiki nimeijaribu, mchana inakuwa jiko na mchwa hawaingii. Vyungu vilivyopasuka vinafaa kuliko vizima, na havina bei.

Asubuhi nilipoinua kile cha kwanza kilikuwa kinachemka mchwa. Nikakung'utia kwenye beseni, nikawapelekea vifaranga, na hapo ndipo mpango mzima ulipopotea njia. Nilikuwa nimekusudia kujaribu maji ya majani ya utupa, ule mmea wenye sumu, mche kwa mche, na kulinganisha. Utupa umekauka kwenye kiroba. Sumu iliyomo ndiyo hiyohiyo inayotumika kuvulia samaki, na siwezi kumwaga kitu cha namna hiyo mahali ninapochota chakula cha kuku. Sasa kila alfajiri niko bustanini na beseni. Mama jirani alichungulia ukutani: "Mwanangu, siku hizi unafuga mchwa?" Nikamwambia shikamoo mama, walete na kuku wako. Akawaleta kweli.

Faida ambayo sikuipanga ni sungusungu, wale sisimizi wakubwa weusi wanaowinda mchwa. Tangu niache dawa, wamerudi. Wanatoka kwa mstari mweusi, wanavamia njia za mchwa, wanarudi kila mmoja na fungu lake mdomoni. Watafiti waliowachunguza Ivory Coast walichapisha mwaka 2017 kwamba wakitoka vitani hubeba majeruhi wao kurudi nyumbani. Mguu wako usiwe njiani tu.

Mkomamanga wa karibu na tangi ndio unaonikera. Vyungu viwili vimekaa pale, vimerudi vitupu, huku shina linaendelea kupakwa udongo. Nashuku ni Microtermes wanaopanda kupitia mizizi, hawahangaiki na kilichoko juu ya ardhi. Kwa sasa nakwangua udongo kwa mkono kila jioni na kupunguza maji upande ule. Mvua ikianza napanda karanga katikati ya mistari. Majaribio ya Uganda yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kuwa mahindi yaliyochanganywa na karanga au soya yaliliwa kidogo zaidi na mchwa. Mkomamanga si mahindi, najua. Mbegu nimeshanunua.